Oili Nyepesi si Oili Dhaifu

Katika gereji nyingi za mijini na za kando ya barabara kuu, oili ya injini bado huchaguliwa kwa vidole. Fundi husugua tone la oili kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha hutoa hukumu: oili inayonata ni nzuri, na ile inayoteleza upesi ni maji tu. Kwa hukumu hiyo gari lililoundwa litumie oili ya daraja la 0W-20 hujazwa oili ya 20W-50, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba ameikinga injini yake na joto la nchi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina msingi katika fizikia wala katika hesabu ya fedha. Kwa gari dogo la siku hizi lenye injini nzima, oili nyepesi ya sintetiki iliyotajwa na muundaji wa injini ndiyo chaguo bora.

Jambo hili si dogo. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia Tanzania na Kenya ni magari yaliyokwisha kutumika nchini Japani. Kitabu cha maelekezo, ikiwa kimo ndani ya gari, aghalabu kimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi hawezi kukisoma, na fundi naye hawezi. Hivyo mazoea hushika nafasi ya maelekezo. Wakati huo huo petroli yote tunayochoma hununuliwa nje. Hata kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kila lita inayopotea bure ndani ya injini ni fedha za kigeni zilizopotea, na ni pesa iliyotoka mfukoni mwa dereva wa teksi, mwalimu au mfanyabiashara mwenye gari lake moja.

Mnato ni nini?

Lugha ya gereji husema oili "nzito" na oili "nyepesi". Maneno haya hayana ubaya, mradi yaeleweke. Hayahusu uzito wa mizani. Lita moja ya oili "nyepesi" na lita moja ya oili "nzito" zote huwa na kati ya gramu 840 na 900 hivi, na zote huelea juu ya maji. Kinachotofautiana ni mnato, yaani ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Kiowevu chenye mnato mkubwa huhitaji nguvu nyingi zaidi ili tabaka zake ziteleze moja juu ya nyingine, na nguvu hiyo hugeuka kuwa joto.

Ndani ya injini, shafti huzunguka katika beringi bila kugusa chuma cha beringi. Huelea juu ya utando wa oili. Jambo hili lilishuhudiwa na mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower katika majaribio yake ya mwaka 1883, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akalieleza kwa hesabu. Shafti inapozunguka huivuta oili iingie katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na oili iliyobanwa hapo hujenga shinikizo la kutosha kubeba mzigo. Unene wa utando huo hutegemea mambo matatu: mnato wa oili, kasi ya mzunguko, na ukubwa wa mzigo. Mnato na kasi huuongeza, mzigo huupunguza.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Mnato ukipungua mno, utando huwa mwembamba kupita kiasi na vyuma huanza kugusana. Mnato ukizidi mno, vyuma havigusani, lakini injini hufanya kazi ya bure ya kuikoroga oili yake yenyewe. Mjerumani Richard Stribeck alionyesha mwaka 1902 kwamba kati ya pande hizo mbili pana mahali ambapo msuguano ni mdogo kabisa. Kazi ya muundaji wa injini ni kupatafuta mahali hapo na kukaa karibu napo kwa usalama. Namba anayoiandika kitabuni ni jibu la hesabu hiyo.

Maana ya tarakimu

Utaratibu wa kuzipanga oili kwa madaraja ya mnato ulianzishwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, mwaka 1911, na umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Katika alama ya 0W-20, herufi W imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo kabla ya W huonyesha tabia ya oili katika baridi kali. Oili ya 0W hupimwa kama inaruhusu injini kuzungushwa katika nyuzi 35 za Sentigredi chini ya sifuri. Oili ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata asubuhi za baridi za Njombe hazikaribii viwango hivyo.

Tarakimu ya pili huonyesha mnato wa oili iliyopata moto. Katika nyuzi 100, oili ya daraja la 20 sharti iwe na mnato usiopungua 6.9 na usiofika 9.3, kwa kipimo cha milimita mraba kwa sekunde. Daraja la 30 huanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, daraja la 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3; na daraja la 50 huanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Kwa hiyo mwenye kutia 20W-50 mahali pa 0W-20 anatia oili ambayo, hata ikiwa moto, ina mnato wa takriban mara mbili ya ule uliokusudiwa.

Hoja ya joto la nchi

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba nchi yetu ni ya joto, na kwa hiyo oili nyepesi itakuwa kama maji. Hoja hii inasahau kazi ya thamostati. Kifaa hiki kidogo hulizuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie karibu nyuzi 80 hadi 90, na baada ya hapo huyaachia yapite ili joto lisizidi. Injini iliyo nzima hufanya kazi katika joto linalokaribiana popote ilipo duniani, na oili yake katika mwendo wa kawaida huwa kati ya nyuzi 90 na 110 hivi. Dar es Salaam hupata nyuzi 32 au 33 katika miezi ya joto. Mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, Marekani, hupita nyuzi 40 kila kiangazi, na magari ya 0W-20 hutembea huko kila siku.

Tena hesabu ya asubuhi inashangaza. Oili nyingi za 0W-20 zina mnato wa 40 hadi 50 hivi katika nyuzi 40. Zikiwa zimelala usiku kucha katika nyuzi 25, mnato wake hufika karibu 80 au 90. Oili ya 20W-50 katika nyuzi hizo 25 hupita 300, ilhali ikiwa moto haifiki 22. Basi oili inayoitwa "maji", wakati wa kuwasha gari asubuhi pale Morogoro, ni nzito takriban mara nne kuliko oili "nzito" iliyokwisha kupata moto. Tatizo la asubuhi katika injini za kisasa si wepesi wa oili, bali ni uzito wake. Oili yenye mnato mkubwa huchelewa kupanda hadi kwenye kamshafti, na shinikizo likizidi, vali ya pampu hufunguka na kuirudisha sehemu ya oili chini kabla haijafika inakohitajiwa.

Ndiyo sababu kipimo cha vidole hakifai. Kidole kina joto la nyuzi thelathini na kitu. Beringi ina zaidi ya 100. Kidole husugua taratibu. Shafti huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kidole hakiwezi kusema lolote juu ya hali ambayo hakijawahi kuifikia.

Je, utando hautakatika?

Swali hili ni la haki na linastahili jibu la vipimo. Wahandisi hawategemei mnato wa nyuzi 100 peke yake. Kuna kipimo kingine kinachofanywa katika nyuzi 150, oili ikiwa inakatwa kwa kasi kubwa sana kama ilivyo ndani ya beringi. Daraja la 20 sharti libakize mnato usiopungua milipaskali-sekunde 2.6, daraja la 30, 2.9; na daraja la 50, 3.7. Injini ya 0W-20 imeundwa ikijulikana kwamba itabebwa na 2.6. Nyuso za beringi zake zimelainishwa zaidi, upana wa beringi na nafasi zilizoachwa zimepimwa kwa sehemu za mia za milimita, na pampu yake imechaguliwa kwa oili inayotiririka upesi. Aidha, pale ambapo utando huwa mwembamba bila kuepukika, kama vile ringi ya pistoni inapogeuza mwendo, kinga hutoka kwenye kemikali zilizochanganywa katika oili ambazo hujenga tabaka la kinga juu ya chuma.

Pia oili si kilainishi tu. Huondoa joto katika beringi na pistoni, hubeba uchafu hadi kwenye chujio, na katika injini nyingi za siku hizi hufanya kazi ya kusukuma mitambo inayobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu. Mitambo hiyo hupokea oili kupitia vijia vyembamba. Oili iliyo nzito kuliko ilivyokusudiwa huichelewesha.

Sintetiki si bandia

Neno sintetiki limewatia wengi wasiwasi, kana kwamba ni oili ya kughushi. Maana yake ni oili ambayo molekuli zake zimeundwa au zimepangwa upya kiwandani badala ya kuchujwa tu kutoka katika mafuta ghafi. Aina moja hujengwa kwa kuunganisha molekuli ndogo zinazotokana na gesi ya ethilini. Aina nyingine ni mafuta ya petroli yaliyogeuzwa sana kwa haidrojeni katika joto na shinikizo kubwa. Tangu uamuzi uliotolewa Marekani mwaka 1999 katika shauri la matangazo ya biashara, aina hii nayo huuzwa huko kwa jina la sintetiki. Yafaa mnunuzi ajue kwamba neno hilo juu ya dumu halimwambii ni ipi kati ya hizo.

Faida ya zote mbili ni kwamba molekuli zake zinafanana. Mnato wake haubadiliki mno joto linapobadilika, oili haipotei upesi kwa mvuke, na haioksidiki haraka. Oili ya madini ya kawaida haiwezi kuwa nyepesi kiasi cha 0W-20 bila kupoteza nyingi kwa mvuke. Kwa hiyo wepesi na usintetiki huenda pamoja kwa sababu za kikemia. Wala hakuna hatari katika kuhama: oili za kisasa za injini zimeundwa ziweze kuchanganyika na za madini.

Hesabu ya mfuko

Mwaka 2012 watafiti Kenneth Holmberg, Peter Andersson na Ali Erdemir walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta katika gari dogo huliwa na msuguano wa injini, giaboksi, matairi na breki. Oili haiwezi kuuondoa msuguano huo wote, na anayeahidi miujiza anadanganya. Maelezo ya serikali ya Marekani kwa wenye magari husema kwamba kutia 10W-30 katika injini iliyoundwa kwa 5W-30 huweza kupunguza masafa ya kila lita kwa asilimia 1 hadi 2. Kutoka 0W-20 hadi 20W-50 ni mruko mkubwa zaidi, lakini na tutumie asilimia 1.5 ili tusitie chumvi.

Gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, likienda kilomita 10 kwa lita, hutumia lita 1,500 za petroli. Asilimia 1.5 ya hizo ni lita 22.5. Ikiwa injini hutumia lita 4 za oili na hubadilishwa kila kilomita 5,000, oili ya mwaka ni lita 12. Basi kila lita ya oili nyepesi hurudisha karibu lita 1.9 za petroli. Mwanafunzi anaweza kwenda dukani na kwenye kituo cha mafuta, kuandika bei za siku hiyo, na kuamua mwenyewe. Ikiwa tofauti ya bei kati ya lita moja ya oili hizo mbili ni chini ya bei ya lita 1.9 za petroli, mwenye gari amepata faida. Ikiwa ni zaidi, amelipa kidogo kwa ajili ya kinga ya injini. Na pale ambapo kitabu kinaruhusu oili ya sintetiki ikae kilomita 7,500, lita 12 huwa 8, na hesabu huelemea zaidi upande wa oili nyepesi.

Wapinzani wana haki wapi?

Haifai kuwatendea mafundi wetu kama watu wasiojua. Kanuni yao ilikuwa kweli kwa injini walizojifunzia. Land Rover na Peugeot 504 zilizozoeleka katika barabara zetu zilitoka katika zama ambazo SAE 30, SAE 40 na 20W-50 zilikuwa ndizo oili za kawaida. Kutia 0W-20 katika injini ya namna hiyo ni kosa lile lile likigeuzwa.

Wapo pia wasemao kwamba viwanda huchagua oili nyepesi ili kutimiza sheria za matumizi ya mafuta, wala si kwa kupenda injini idumu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iliwalazimisha watengenezaji kupunguza wastani wa mafuta yanayotumiwa na magari yao, na injini moja huweza kutajiwa oili tofauti katika vitabu vya nchi tofauti. Vitabu vya Toyota vya Marekani vyenyewe husema kwamba oili yenye mnato mkubwa zaidi huweza kufaa gari likiendeshwa kwa kasi kubwa au kwa mzigo mzito. Mwenye gari linalopanda Kitonga kila wiki likiwa limejaa ana sababu ya kuchagua 5W-30 ikiwa kitabu kinairuhusu. Lakini hiyo ni ngazi moja, na ina sababu inayotajika. Kuruka hadi 20W-50 kwa gari linalokwenda kazini na sokoni si tahadhari. Ni mazoea yaliyovaa vazi la tahadhari.

Kanuni ya kuchagua

Kwa hayo yote tunapendekeza kanuni fupi. Kwanza, itafute namba ya muundaji katika kitabu au juu ya kifuniko cha kutilia oili, ambako mara nyingi imechapwa. Pili, ikiwa namba kadhaa zimeruhusiwa na injini ni nzima, chagua iliyo nyepesi. Tatu, panda ngazi moja tu, ndani ya zilizoruhusiwa, kwa sababu inayoonekana: injini inakula oili, inatoa moshi wa buluu, au inabeba mizigo mizito. Nne, tazama daraja la ubora la API nyuma ya dumu. SP ilianza mwaka 2020 na SQ mwaka 2025, na herufi ya mwisho kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo masharti yalivyo mapya. Tano, nunua kwa muuzaji anayejulikana, kwa kuwa oili iliyoghushiwa huua injini bila kujali namba iliyoandikwa.

Kanuni hii ni ya magari madogo ya petroli. Malori ya dizeli yana madaraja yake. Pikipiki nyingi, zikiwamo za bodaboda, zina klachi inayoogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyepesi ya gari huweza kuifanya iteleze. Wala namba sahihi haiondoi wajibu mwingine: kupima kiasi cha oili mara kwa mara, kubadilisha kwa wakati, hasa kwa magari yanayokaa katika foleni, na kusafisha kichujio cha hewa katika barabara za vumbi. Injini iliyopungukiwa oili haiokolewi na aina yoyote.

Kazi ya shule

Mnato hufundishwa katika shule zetu kama fasili ya kukariri. Ni hasara, kwa sababu somo hili linaweza kuonekana kwa macho. Mwalimu achukue kopo lenye tundu dogo chini, mililita 100 za oili mpya ya 20W-50, na kiasi hicho hicho cha 0W-20. Wanafunzi wapime sekunde zinazopita hadi kila oili imalizike kutiririka. Kisha chupa za oili ziwekwe katika maji ya nyuzi 60 hivi, na kipimo kirudiwe. Wataona kwamba muda wa oili zote mbili umepungua sana, na kwamba pengo kubwa la awali limepungua pia. Wakichora grafu ya muda dhidi ya joto, watakuwa wameelewa kwa nini kidole cha fundi hudanganya.

Yafaa pia vyuo vya ufundi viwafundishe mafundi kuchagua oili kwa namba, na wanaoingiza magari kutoka Japani watakiwe kubandika ndani ya kila gari karatasi moja ya Kiswahili yenye daraja la oili, kiasi chake na muda wa kuibadilisha. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo kuliko ya lita moja ya oili. Mpaka hilo litimie, mwanafunzi anayeweza kusoma tarakimu mbili juu ya kifuniko cha injini ana jambo la kumwambia baba yake, mjomba wake au jirani mwenye gari, na ana sababu za kulitetea atakapoulizwa.